Robo ya Ndege

Sehemu yangu ya ndege iligharimu dola 6,500. Ndege nzima, Cessna 150 iliyotoka kiwandani Wichita, Kansas, mwaka 1966, tuliinunua kwa dola 26,000 mwaka 2015. Tulikuwa watu wanne, kila mmoja akatoa robo. Nataja fedha mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa, hapa Columbus, Ohio, ninakoishi, na kule Dodoma nilikozaliwa. Wenye ndege ndogo wana tabia ya kulikwepa swali hilo. Ukiwauliza bei, wanakueleza mawingu na machweo. Mimi ni muuguzi, naishi kwa mshahara na malipo ya zamu za usiku, na ningependa mtu wa hali kama yangu ajue kinacholipwa ni nini, kinalipwa lini, na kwa nini.

Kwanza tuelewane ndege yenyewe ni ipi. Cessna 150 ina viti viwili, injini ya nguvu za farasi 100, na uzito wake wa juu kabisa wakati wa kuruka ni kilo 726, ndege, mafuta na watu wote pamoja. Ukijaza matangi, uzito unaobaki unawatosha watu wazima wawili wa wastani na mkoba mmoja. Inakwenda karibu kilomita 170 kwa saa upepo ukiwa mtulivu. Haikupeleki Dar es Salaam wala New York. Inakupeleka mji wa pili au wa tatu, unakunywa kahawa na marubani wenzio, unarudi. Kati ya mwaka 1958 na 1977 zilitengenezwa zaidi ya 23,000, nyingi zikaenda kwenye vyuo vya urubani, na nyingi bado zinaruka. Wingi huo ndio unaotusaidia sisi wa kipato cha kawaida: vipuri vinapatikana, na karibu kila fundi wa ndege Marekani ameshawahi kuifungua injini ya aina hiyo.

Watu hushangaa kusikia naruka na chombo kilichotengenezwa kabla sijazaliwa. Kuna sababu ya kihistoria. Mwaka 1986 kampuni ya Cessna iliacha kabisa kutengeneza ndege zake ndogo za injini za pistoni, hasa kwa sababu ya gharama za kesi za fidia zilizokuwa zikifunguliwa hata kwa ndege za miongo mingi nyuma. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyomwekea mtengenezaji ukomo wa miaka 18 wa kushtakiwa kwa ndege ya namna hiyo, na miaka miwili baadaye kiwanda kikaanza tena. Lakini bei haikurudi ilikokuwa. Leo Cessna 172 mpya, ya viti vinne, inapita dola 400,000. Kwa hiyo mtu wa mshahara anayetaka ndege anaingia kwenye soko la vyombo vya zamani, hana mlango mwingine.

Uzee wa ndege ulinitisha mpaka nilipomsoma Jerrie Mock. Huyu alikuwa mama wa nyumbani wa hapa hapa Columbus, mwenye watoto watatu. Tarehe 19 Machi 1964 aliondoka uwanja wa mji huu peke yake katika Cessna 180, na tarehe 17 Aprili akarejea akiwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa ndege. Alikuwa na miaka 38. Ndege yake ilikuwa ya mwaka 1953, yaani ilikuwa imekwishafanya kazi miaka 11 kabla ya safari ile. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Kila ninapopita uwanja mkubwa wa Columbus kuwapokea wageni, namkumbuka: alikuwa na chombo cha mitumba kilichotunzwa vizuri, ramani, na akili yake. Kilichonishika zaidi ni utunzaji. Umri wa ndege unausoma kwenye vitabu vyake vya kumbukumbu, ambamo kila ukaguzi na kila kipuri kilichobadilishwa huandikwa na kutiwa saini. Ndege ya mwaka 1966 yenye vitabu kamili ni salama kuliko ya mwaka 1976 ambayo vitabu vyake vimepotea.

Sasa hesabu. Leseni ya rubani binafsi Marekani inadai angalau saa 40 za kuruka, ingawa wengi wetu huhitaji 60 au zaidi. Mimi nilitumia karibu dola 10,000, zikitoka kidogo kidogo kwa zamu za usiku. Nilipopata leseni nilikodi ndege ya chuo kwa dola 115 kwa saa, mafuta yakiwa ndani. Siku za jua ndege ilikuwa imeshachukuliwa na wanafunzi. Ikipatikana, ulitakiwa uirudishe baada ya saa mbili. Hapo ndipo wazo la kumiliki linapomwingia mtu, na hapo ndipo wengi huumia, kwa sababu wanapiga hesabu ya bei ya kununua na kusahau gharama zinazokuja kila mwezi, ndege iruke isiruke.

Zetu zilikuwa hivi. Nafasi katika hanga dola 220 kwa mwezi, yaani 2,640 kwa mwaka. Unaweza kuegesha nje na kuifunga kwa kamba kwa pungufu ya nusu ya hiyo, lakini majira ya baridi ya Ohio na mvua ya mawe yatakudai tofauti hiyo kwa njia nyingine. Bima ya marubani wanne, dola 1,160. Ukaguzi wa mwaka, 1,400. Vidogo vidogo, kama kupima transponda kila baada ya miezi 24, betri, matairi na ramani, tuliviwekea 800. Jumla dola 6,000 kwa mwaka. Halafu kila saa ya kuruka ina gharama yake: mafuta galoni sita hivi, dola 30, oili na plagi, dola 4, na dola 16 za akiba ya injini, kwa kuwa mtengenezaji anapendekeza injini ile ifunguliwe yote na kutengenezwa upya ikifikisha saa 1,800. Saa moja, dola 50.

Chukua mtu mmoja mwenye ndege hiyo peke yake, anayeruka saa 50 kwa mwaka. Zile 6,000 zigawanye kwa 50 upate 120, ongeza 50, saa yake inamgharimu 170. Ni ghali kuliko kukodi! Ili alingane tu na yule anayekodi kwa 115, lazima aruke zaidi ya saa 90 kila mwaka, na mtu mwenye kazi, watoto na hali ya hewa ya Ohio hafiki huko. Sasa waweke wanne, kila mmoja aruke saa 40. Sehemu ya kila mmoja katika gharama za kudumu ni 1,500 kwa mwaka, au 125 kwa mwezi. Saa yake inakuja kama dola 88. Ndege ni ile ile na hanga ni lile lile. Kilichobadilika ni idadi ya watu.

Na faida haiishii kwenye fedha. Injini ya ndege inaharibika kwa kukaa. Unyevu unaingia kwenye oili, kuta za silinda zinashika kutu, mihuri ya mpira inakauka. Nimeona kwenye uwanja wetu ndege nzuri kabisa za watu wenye uwezo, zimekaa msimu baada ya msimu na vumbi juu ya mabawa, na mwenyewe akija hatimaye kuiwasha anakuta deni la fundi linalozidi thamani ya chombo. Ndege ya watu wanne haikai wiki mbili bila kuruka. Rubani naye ni vivyo hivyo. Kanuni za Marekani zinadai uwe umeruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 kabla hujambeba abiria, na mimi naona hicho ni kiwango cha chini mno. Kwangu mimi jambo hili ndilo zito kuliko yote katika habari ya kumudu ndege: aliyemaliza fedha zake kwenye kumiliki, akabaki hana za kuruka, ni rubani wa hatari. Afadhali auze akakodi, mikono yake ibaki na mazoezi. Kazini nimepokea majeruhi wengi, wa magari na wa pikipiki, na siwezi kulitamka hili kwa upole zaidi ya hapo.

Wenzangu watatu walikuwa mwalimu wa fizikia, fundi bomba, na mzee mmoja mstaafu wa posta. Tulifahamiana palepale uwanjani. Kwa Mtanzania jambo hili halina ugeni. Ni vikoba, isipokuwa mfuko wake una mabawa. Nilipowaeleza namna mama yangu na wanawake wenzake walivyoendesha kikundi chao Dodoma, kwa daftari moja, mweka hazina anayebadilishwa, na faini ya kuchelewa kulipa, mwalimu alichukua kalamu akaandika. Tulisajili kampuni ndogo iliyoimiliki ndege, tukafungua akaunti, tukaandika mkataba kabla hata hatujaiona ndege ya kununua. Mkataba ulisema nani anapata Jumamosi ipi, mtu akitaka kutoka sehemu yake inauzwaje, na tunaamuaje matumizi. Kwa vitu vya kupendeza, kama redio mpya, lazima wote wanne wakubali. Kwa jambo ambalo fundi amelitaja kuwa la usalama, hakuna kura: linalipwa.

Kifungu hicho cha mwisho kilipimwa mapema. Katika ukaguzi wa mwaka 2017 fundi alipima shinikizo la silinda nne. Kipimo huanzia 80. Tatu zilishika zaidi ya 70, ya nne ikashuka hadi 52, na hewa ilisikika ikivuja kupitia vali ya kutolea moshi. Silinda mpya na kazi yake, dola 1,800. Wiki ile nilikuwa nimetuma ada ya shule nyumbani, na kama ndege ingekuwa yangu peke yangu ningeanza kutafuta sababu za kuvumilia kipimo kile. Mtu mwenye shida ya fedha hupata sababu. Lakini mfuko ulikuwepo, robo yangu ilikuwa 450, na uamuzi ulikuwa umeshafanywa na sisi wenyewe siku tulipokuwa na akili tulivu. Ndege iliruka baada ya siku chache.

Ukaguzi wenyewe nao umenifundisha mengi. Fundi mwenye idhini ndiye pekee anayeweza kutia saini, lakini mtu anaruhusiwa kufanya kazi chini ya macho yake. Kila mwaka tunaingia hangani sote wanne, tunafungua skrubu za vifuniko vya ukaguzi, tunatoa viti, tunaosha tumbo la ndege, tunasafisha plagi. Inapunguza bili. Zaidi ya hapo, unajua waya wa usukani unapita wapi na unaguswa na nini. Kubadilisha oili na tairi kanuni zinamruhusu rubani mwenye ndege ayafanye mwenyewe na kuandika kwenye kitabu. Mzee wa posta ndiye aliyenionyesha namna ya kukata chujio la oili na kulikunjua ili kutazama kama lina vipande vya chuma. Ni kazi inayofanana na ninayoifanya hospitali: unasoma alama ndogo kabla ugonjwa haujasema kwa sauti.

Lakini kuna hesabu nyingine, na hiyo haikuandikwa kwenye daftari la kikundi. Nilipompigia mama simu kumwambia, alinyamaza kwanza. “Ndege, mwanangu?” akasema. “Hii ya angani?” Kule tulikokulia, ndege ndogo ilikuwa ya wamisheni wa MAF, ambao kituo chao kilikuwa Dodoma, ikipeleka madaktari na dawa vijijini. Zaidi ya hapo ilikuwa ya serikali au ya watalii. Haikuwahi kuwa ya mtu, sembuse ya binti wa mwalimu wa shule ya msingi. Habari ilizunguka ukoo mzima, na kwa kuzunguka ikakua. Robo ikawa ndege nzima, Cessna ikawa jeti. Maombi yakaja: paa, mashine ya kusaga, mahari.

Kaka yangu mkubwa alisema waziwazi yaliyokuwa mioyoni mwa wengine. “Dada, sikuonei wivu. Nauliza tu. Mama bado anakinga maji ya mvua sebuleni, na wewe una ndege.”

Swali lile lilikuwa la haki, na sitaki kuandika makala kuhusu kumudu ndege nikaliruka. Ughaibuni tunazoea kupima uwezo kwa kutazama akaunti ya benki. Kwetu uwezo hupimwa pia kwa kutazama ni nani anayekutegemea. Nilikwenda likizo Dodoma na karatasi. Nikakaa na kaka na shemeji barazani, nikawaonyesha mshahara, kodi ya nyumba, ada za watoto wangu, fedha ninazotuma kila mwezi, na mstari wa ndege: dola 125 za kudumu na karibu 150 za kuruka, jumla 275. Nikawaonyesha pia kwamba wenzangu kazini wanalipa zaidi ya dola 400 kwa mwezi kwa mkopo wa gari jipya, na mimi naendesha gari kuukuu lisilo na deni. Kaka alisoma mistari yote kwa kidole. Akasema, “Na mimi nikienda Dar kila Simba na Yanga wakicheza, huwa sipigi hesabu ya bati.” Paa la mama tuliliezeka mwaka ule, yeye na mimi nusu kwa nusu, na tangu hapo fedha za nyumbani hutoka siku ya mshahara, kabla ya fedha ya ndege. Ndege inalipwa na zamu za usiku. Mwezi nisipopata zamu, siruki. Kwa utaratibu huo nimeruka bila kificho, na mama sasa huniuliza ndege inaendeleaje kama anavyouliza habari za wajukuu.

Lipo pia deni tunalowawekea wengine. Petroli ya kawaida ya ndege za pistoni bado ina risasi, ile ile iliyoondolewa kwenye magari kwa sababu inaharibu ubongo wa watoto. Nikiwa muuguzi sikuweza kulitazama hilo nikageuza uso. Mamlaka ya anga ya Marekani imelenga mwisho wa mwaka 2030 kuiondoa. Kwa bahati, injini ya Cessna 150 ni ya mgandamizo mdogo, na tangu mwaka 1982 kuna kibali cha kuitumia petroli ya magari ndani yake. Nilileta hoja kikaoni, tukanunua kibali, na sasa tunatumia petroli isiyo na risasi wala ethanoli kila tunapoipata. Inapunguza gharama, lakini ningeipigia kura hata kama ingezidisha.

Mpwa wangu, mhandisi kijana anayefanya kazi Nairobi, ameniuliza: “Shangazi, na huku inawezekana?” Nimemjibu kwamba mambo matatu yanamkabili ambayo mimi sikuyakuta. Marekani kuna karibu viwanja 5,000 vilivyo wazi kwa umma, na vingi vidogo havitozi ada ya kutua. Huko kila kutua kuna bili. Mafuta ya injini za pistoni yanaagizwa kutoka nje kwa kiasi kidogo, maana ndege nyingi za biashara, kama Caravan za watalii, zinatumia mafuta ya jeti. La tatu ni mwinuko wa nchi yenyewe. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida inapoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300. Farasi wangu 100 wangebaki kama 83 hapo kwenye barabara ya kurukia, kabla jua la mchana halijaipunguza hewa zaidi. Kwa Nairobi namshauri atafute watu wa kuchangia ndege yenye injini kubwa kidogo, na waruke asubuhi. Klabu ipo: Aero Club of East Africa imekuwapo tangu mwaka 1927, na mtu anaweza kuanza hapo kwa kuzungumza na wenye ndege kabla hajatoa shilingi.

Kikundi chetu kimebadilika. Fundi bomba aliuza robo yake mwaka 2019 mwanawe alipoingia chuo kikuu. Dada mmoja anayefanya kazi ya gari la wagonjwa akainunua kwa utaratibu ule ule wa mkataba, na mwaka huo huo tulichanga dola 2,000 na zaidi kufunga kifaa cha kutangaza mahali ndege ilipo, kwa kuwa kuanzia Januari 2020 kililazimu kwenye anga ya karibu na Columbus. Bei za vipuri zimepanda. Katika kikao chetu cha mwisho mwalimu alisoma hesabu ya injini: imebakiza saa 250 hivi kufikia 1,800, mfuko wake una karibu dola 20,800, na kuitengeneza upya sasa kunapita 30,000. Kile tulichodhani kinatosha mwaka 2015 hakitoshi tena. Alipendekeza mchango wa mwezi upande kutoka 125 hadi 175, na akiba ya injini kwa kila saa kutoka 16 hadi 24. Mzee wa posta, ambaye pensheni yake haipandi, aliomba muda wa kufikiri. Tulimpa mwezi mzima, na tukakubaliana kwamba akishindwa, sisi watatu tutabeba tofauti yake mpaka injini itakapokamilika.